Maabara ya mtu wa sokoni

Saa kumi na moja alfajiri soko la Mchikichini, Dar es Salaam, limekwisha kuamka. Mabelo ya mitumba yanashushwa, kamba zinakatwa, nguo zinamwagwa juu ya turubai, na wachuuzi wanachagua kwa mwanga wa tochi za simu. Ikifika saa mbili meza zimepangwa. Ikifika saa nne, wakati vyuoni mihadhara imekolea, muuzaji aliyeondoka mezani kwake ameziacha saa zake za mauzo.

Mchukulie dada mmoja mwenye meza ya nguo za watoto karibu na Uwanja wa Karume. Simtaji jina kwa sababu si mtu mmoja; wa aina yake ni wengi katika kata hii na katika mitaa yote ya Kariakoo. Alisoma PCB kidato cha tano na sita: fizikia, kemia na bayolojia. Alifaulu kiasi cha kuingia chuo, lakini nyumbani hapakuwa na wa kumlipia ada, na wadogo zake walihitaji kula. Akaingia sokoni. Soko hili liliungua Januari 2022, na wengi waliopoteza mali usiku ule walianza tena kwa mtaji wa kukopa. Mtu aliyepita hapo hawezi kuambiwa aifunge meza miaka mitatu ili akakae kwenye ukumbi wa mihadhara.

Lakini bado anaitaka shahada ya sayansi. Akitaka historia au sheria njia ni nyepesi kidogo, maana masomo hayo husafiri vizuri ndani ya kitabu. Sayansi ina mikono. Inataka kupima, kuchanganya, kukata, kuunganisha waya na kukosea, kisha kurudia. Chuo kitamfikishiaje yote hayo mtu ambaye nafasi yake huanza saa tatu usiku, watoto wakishalala?

Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu, na jibu langu ni kwamba inawezekana, kwa sharti moja. Kozi isianze kupangwa kutoka kwenye ukumbi wa mhadhara halafu ikatafutiwa njia ya kuingizwa mtandaoni. Ianze kupangwa kutoka kwenye saa alizonazo mwanafunzi, bando analoweza kununua na vitu vilivyo karibu na mkono wake. Na kwa mkazi wa Mchikichini, vitu hivyo ni vingi kuliko wanavyodhani watunga mitaala.

Elimu ya juu ilizaliwa jirani

Wapo wanaoona chuo kikuu na soko kama mbingu na ardhi. Historia ya mitaa hii inasema vingine. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, pembeni mwa Kariakoo, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Kilihamia Mlimani mwaka 1964. Chuo kikuu chetu cha kwanza kilijifunza kutembea kikisikia kelele za soko.

Mwendo mfupi kutoka hapo, upande wa Mnazi Mmoja, ipo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 taasisi hiyo, pamoja na wizara na Radio Tanzania, iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu takriban milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusoma. Walisikiliza kipindi cha redio, wakasoma kitabu kidogo kwa pamoja, wakajadili chini ya kiongozi wa kikundi, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo, kufyeka vichaka na kufukia madimbwi ya mbu.

Tuitazame kampeni ile kwa jicho la mtunga kozi. Mlikuwa na sauti iliyomfikia mtu alipo, maandishi ya kurejea, wenzake wa kubishana nao, na kazi ya mikono iliyoacha alama ardhini. Ilikuwa sayansi ya malaria na usafi iliyofundishwa kwa mbali, na vitendo vyake vilifanyika uani kwa mwanafunzi mwenyewe. Leo tuna intaneti, lakini kozi nyingi za mtandaoni hazina hata viwili kati ya vitu hivyo vinne.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali iliunda kamati iliyoongozwa na Nicholas Kuhanga kutazama uwezekano wa chuo kikuu cha masafa. Matokeo yake ni Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 iliyounda Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Makamu mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Geoffrey Mmari, mtaalamu wa ufundishaji wa hisabati, na wanafunzi wa kwanza walianza mwaka 1994. Makao makuu yake yapo Kinondoni, kando ya Barabara ya Kawawa. Ni barabara ileile inayopita Karume. Dada yetu akisimama nje ya soko na kuifuata kuelekea kaskazini, itampitisha Magomeni na kumfikisha mlangoni pa chuo.

Vitendo ndipo penye mtihani

Chuo huria chochote duniani kinachofundisha sayansi hukutana na ukuta uleule: maabara. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971, kiliwatumia wanafunzi wa sayansi masanduku ya majaribio kwa posta. Ndani mlikuwa na vifaa vya kufanyia kazi mezani nyumbani, ikiwamo hadubini ndogo ya plastiki aliyoibuni John McArthur. Mwanafunzi alifanya majaribio yake jikoni, akaandika ripoti, akarudisha sanduku. Somo la kuchukua hapo si hadubini, ni mpangilio: majaribio yalitungwa pamoja na kozi tangu ukurasa wa kwanza, hayakubandikwa mwishoni.

Huku kwetu njia iliyozoeleka imekuwa kuwakusanya wanafunzi wa masafa kwa kipindi maalumu na kuwapeleka kwenye maabara za taasisi nyingine. Inafaa, ila ina gharama: nauli, malazi, na siku za biashara zinazopotea. Siku za karibuni, kupitia mradi wa HEET ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 425 mwaka 2021 kwa ajili ya elimu ya juu nchini, Chuo Kikuu Huria kimekuwa kikijenga maabara zake katika baadhi ya vituo vya mikoa. Ni hatua kubwa.

Tumejaribu pia maabara za kutumia kwa mbali. Kuanzia mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makerere cha Uganda na Obafemi Awolowo cha Nigeria vilishirikiana na MIT ya Marekani katika mradi wa iLab uliofadhiliwa na Carnegie. Mwanafunzi wa uhandisi aliketi mbele ya kompyuta, akatuma vipimo kwenye saketi halisi iliyokuwa mahali pengine, akarudishiwa matokeo. Wazo lilikuwa zuri, lakini wakati huo mtandao wetu ulipita kwenye setilaiti, tena kwa tabu. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009, na tangu hapo mengi yamekuwa mepesi.

Wenzetu wa Kenya walianzisha Chuo Kikuu Huria chao mwaka 2023, makao yake Konza. Kati ya shahada zake za mwanzo zilikuwamo sayansi ya data na usalama wa mtandao. Ni uchaguzi wenye hekima, kwa sababu katika fani hizo kompyuta ndiyo maabara. Ila taifa halijengwi kwa data peke yake. Tunahitaji walimu wa kemia, wapimaji wa maji na wataalamu wa mimea, na hao lazima washike vitu.

Anza na saa zake

Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120. Hizo ni saa 1,200. Dada yetu akipata saa mbili kila usiku kwa siku tano za wiki, na saa nne Jumapili, anazo saa 14. Kwa wiki 50 ni saa 700. Shahada ya krediti 360 itamchukua miaka mitano na ushee, bila kuugua, bila msiba, bila msimu wa sikukuu ambapo soko halilali.

Hesabu hii ndogo ingepaswa kuwa ukurasa wa kwanza wa kila kozi inayojiita nyumbufu. Ikishaonekana, maamuzi mengi yanajipanga yenyewe. Somo linakatwa vipande vya dakika 20 au 30, kila kimoja na swali lake la kujipima, ili anayekatizwa na mtoto anayelia ajue pa kurudia. Wiki moja ya kozi inabeba wazo moja kuu, si matatu. Anayekwama Desemba anaruhusiwa kusimama na kuendelea Februari bila kuanza upya wala kulipa upya.

Unyumbufu, hata hivyo, usieleweke kuwa ni kumwachia mtu kamba yote. Asiye na ratiba huahirisha leo, kesho huahirisha tena, na mwisho huacha kimyakimya. Mwanafunzi wa masafa anahitaji vigingi vichache vilivyokazwa: zoezi la kila wiki mbili, kikao cha kikundi kila Jumapili jioni, tarehe ya maabara inayojulikana miezi sita kabla. Kati ya kigingi na kigingi ajipange mwenyewe.

Hesabu ya bando

Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19 hadi Juni mosi, wengi walidhani kuhamia mtandaoni ni kupandisha slaidi na kurekodi mhadhara wa saa mbili. Mhadhara kama huo haukutungwa kwa ajili ya mtu anayenunua bando la siku.

Tazama uzito wa vitu. Video ya saa moja, hata ikibanwa hadi kilobiti 500 kwa sekunde, hula megabaiti 225. Sauti tupu ya mwalimu kwa saa hiyohiyo, ikirekodiwa kwa kilobiti 32, haifiki megabaiti 15. Kitabu cha kurasa 300 za maneno matupu hakifiki megabaiti moja. Kwa hiyo maandishi yawe uti wa mgongo, sauti iwe nyama, na video iwe chumvi: itumike pale tu jicho linapohitaji kuona mkono ukifanya kazi, kwa dakika tatu au nne, mfano namna ya kusoma bureti au kukata shina kwa ajili ya hadubini. Vyote viweze kupakuliwa mara moja, kituoni au penye Wi-Fi, na kusomwa bila mtandao kwenye kioo cha simu, kwa maana simu ndiyo kompyuta ya wengi Mchikichini.

Kuna programu za majaribio ya kuigiza zinazofanya kazi bila mtandao zikishapakuliwa. Mfano ni PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, iliyoasisiwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Humsaidia mwanafunzi kuona mkondo wa umeme au molekuli ambazo macho hayazioni. Mahali pake ni kabla ya jaribio halisi, ili mwanafunzi afike mezani akijua anatafuta nini.

Sanduku kutoka Kariakoo

Sasa tufike kwenye jambo linalonipa matumaini kuliko yote. Vuka kutoka Mchikichini uingie Kariakoo. Mtaa wa Aggrey una maduka ya simu na mafundi wanaoshika saketi siku nzima. Kuna maduka ya vifaa vya umeme, ya vyombo vya jikoni, ya dawa za kilimo, ya viungo na nafaka. Ndani ya saa moja unaweza kununua kipima umeme cha mafundi, nyaya, balbu ndogo, betri, sumaku, kipimajoto, mizani ndogo ya kidijitali, mabomba ya sindano yasiyo na sindano, futi kamba na lenzi ya kukuza. Hilo ndilo sanduku la majaribio. Uingereza walihitaji kiwanda na posta. Sisi tunalo soko.

Anza na fizikia. Uzi wa mita moja, nati nzito ya fundi, na saa ya simu. Funga nati, itundike kwenye kenchi kama timazi ya fundi uashi, isukume kidogo, hesabu mizunguko 20. Kwa urefu huo itachukua kama sekunde 40. Kutokana na hapo mwanafunzi anakokotoa mchapuko wa mvutano wa dunia mahali alipo. Vitabu vya shule humpa 9.8 au 10. Dar es Salaam, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, thamani yake ni takriban 9.78, wakati kwenye ncha za dunia ni takriban 9.83. Anayetaka kwenda mbali zaidi anaweza kutumia phyphox, programu ya bure kutoka Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, inayogeuza vihisio vya simu kuwa vifaa vya kupimia mwendo, sumaku, mwanga na sauti.

Nenda kwenye kemia. Chukua choya, yale maua mekundu makavu ya kutengenezea juisi. Loweka kwa maji moto, chuja, gawa kwenye vikombe vya kioo. Tia ndimu kwenye kimoja: wekundu unakolea. Tia magadi kwenye kingine: rangi inageukia kijani. Rangi hiyo ni anthosayanini, na mabadiliko yake hufuata kiwango cha asidi na besi. Mwanafunzi anaweza kutengeneza ngazi ya rangi na kuijaribu kwa siki, maji ya bomba, sabuni na maji ya kisima. Bomba la sindano lililozibwa mdomo linamfundisha uhusiano wa ujazo na kanieneo ya hewa kwa kidole chake mwenyewe.

Bayolojia iko nje ya mlango. Jina Mchikichini limetokana na mchikichi. Bonde la Mto Msimbazi lipo hatua chache, na kila masika linatukumbusha kwamba mto una tabia zake. Mwanafunzi anaweza kuandika kwa wiki 12 mimea anayoiona kingoni, rangi ya maji kabla na baada ya mvua, wadudu wanaoonekana na wanaotoweka. Kuchukua maji yenyewe kusifanyike bila glovu na mwongozo wa msimamizi, kwa kuwa ni mto unaopokea taka za jiji.

Chuo kinunue vifaa kwa wingi, kivijaribu, kiambatanishe mwongozo, kisha kiazimishe sanduku kama maktaba inavyoazimisha kitabu. Anayelirudisha zima analichukua la muhula unaofuata.

Mipaka ya meza ya jikoni

Si kila kitu kifanyike nyumbani, na anayesema vinginevyo anahatarisha watu. Asidi kali, viyeyusho vinavyowaka, kuotesha bakteria, mashine za kuchambua mwanga: hivyo vina nyumba yake. Hapa ndipo wiki ya maabara inapohitajika, na ipangwe kwa kumhurumia anayesafiri. Badala ya siku moja moja zilizotawanyika, iwe siku tano mfululizo, mara moja kwa muhula, nje ya msimu wa mauzo. Afike akiwa amefanya maigizo na majaribio ya nyumbani, ili saa za maabara zitumike kwa yale tu yasiyowezekana kwingine.

Mchikichini imezungukwa na taasisi zenye maabara: Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1957; Muhimbili kule Upanga; na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu kule Chang'ombe. Makubaliano ya kuzitumia wakati wa likizo na mwishoni mwa wiki yangewafaa wengi kwa gharama ndogo kuliko kujenga kila kitu upya.

Asisome peke yake

Michael Moore, mmoja wa wanazuoni wakubwa wa elimu masafa, amefundisha tangu miaka ya 1970 kwamba umbali unaomuumiza mwanafunzi si wa kilomita, ni ule wa kutoeleweka na kutosikilizwa. Anayekaa Ilala anaweza kuwa mbali na mwalimu wake kuliko anayekaa Kigoma, kama maswali yake hayajibiwi.

Kwa hiyo kila wanafunzi 20 au 25 wawe na mwalimu msaidizi anayewajua kwa majina, mwenye wajibu wa kujibu ndani ya siku mbili. Vikundi vya WhatsApp tayari vipo. Mtunga kozi avitumie kwa mpango, kwa swali moja la wiki na jibu la sauti la dakika tano. Na jibu hilo litolewe kwa Kiswahili. Vyuo vyetu hufundisha kwa Kiingereza, lakini watu wakitaka kuelewana kuhusu osmosisi au ukinzani wa umeme hurudi kwenye lugha yao. Istilahi tunazo tangu zamani: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kilichobaki ni kuziingiza kwenye kozi.

Upimaji nao ubadilike. Siku hizi programu za akili mnemba zinaweza kumwandikia mtu insha ya kurasa kumi kuhusu pendulamu. Haziwezi kupima uzi uliofungwa kwenye kenchi ya mtu. Mwanafunzi akileta picha za jaribio lake, jedwali la vipimo vyake na maelezo ya makosa yake, kisha akahojiwa kwa simu dakika kumi, mwalimu atajua kama amejifunza. Mtihani wa mwisho kituoni ubaki, lakini usibebe mzigo wote.

Sekunde mbili kwa kumi

Namrudia dada yetu. Ni saa moja na nusu usiku, nguo zimefungwa kwenye turubai, na kwenye kenchi ya kibanda ananing'iniza nati kwa uzi. Jirani yake wa meza ya viatu anamuuliza, "Dada, unapima nini?" Anajibu bila kuondoa macho kwenye simu: "Mvutano wa dunia, kaka yangu. Nisaidie kuhesabu."

Mara ya kwanza wanapata sekunde 40 kamili, na hesabu inampa 9.87. Mara ya pili wanapata 40.2, na hesabu inampa 9.77. Anakaa kwenye stuli akizitazama namba mbili. Nati ni ileile, uzi ni uleule, dunia ni ileile. Tofauti yote imetoka kwenye kidole kilichochelewa sekunde mbili kwa kumi kubonyeza saa. Anaandika hilo kwenye daftari, kisha anamwambia jirani warudie mara nyingine tano.

Hapo ameshaanza kufikiri kama mwanasayansi, na hakuna mhadhara uliomwambia. Kazi ya chuo ni kuhakikisha kwamba kesho usiku, akifungua simu yake, swali linalofuata linamsubiri.